Huenda

Yai likiwekwa juu ya meza ya jikoni kwetu
hubingirika kuelekea magharibi.
Si leo, si jana. Tangu tuinunue nyumba hii.
Mke wangu Rozalia aliweka kadibodi chini ya mguu wa meza,
akaongeza ya pili, kisha akakata tamaa,
akanunua bakuli.

Usiku wa Januari, Milwaukee imefunikwa na theluji,
usingizi umenipa kisogo,
nafungua kompyuta, naingia hifadhi ya nyaraka za jiji
bila viatu.
Hakuna bawabu. Hakuna wa kuniuliza natafuta nini,
na ni heri, maana sijui.
Naandika jina la mtaa wetu. Matokeo: sufuri.
Naandika jina la zamani, lile alilolitaja bibi
akikasirika. Matokeo: arobaini na moja.

Ramani ya mwaka elfu moja mia tisa na kumi na moja
inafunguka polepole, kipande kwa kipande,
kama shuka iliyogandia kambani.
Pembe moja imechanika. Pana doa la kahawa ya karani
aliyekwisha kufa na kahawa yake.
Naivuta kwa vidole viwili. Naivuta tena.
Hapa kanisa. Hapa kiwanda cha ngozi, leo maegesho ya magari.
Na hapa, mstari mweusi wenye vijino kama mshono wa jeraha:
reli ya pembeni, inaiacha reli kuu,
inapinda, inakata ua wa akina Vukovich,
inaingia kwetu kwa dirisha la sinki,
inatokea mlango wa stoo,
inakwenda kuchukua shayiri.

Magharibi.

Namwamsha Rozalia. "Saa nane na nusu, Ambrozy."
Namwambia, "Yai linafuata treni."
Anageukia ukuta.

Picha zimo katika sanduku la kumi na nne,
sanduku nisiloweza kulishika wala kulinusa.
Injini zinazong'aa kama viatu vya Jumapili.
Daraja. Daraja lilelile likibomolewa.
Mtoto amekalia taruma, anakula kitu, hana habari na mtu.
Kisha namba 0387:
wanaume saba na mbwa.
Mbwa alitikisika, ana vichwa viwili.
Maelezo: Kikosi cha matengenezo ya njia. Majina hayajulikani.

Wa pili kutoka kulia ana masikio yetu.
Sisemi kwa mafumbo. Ni masikio ya akina Dudek,
vishikio vya sufuria,
baba aliyafunika kwa kofia,
mimi niliyapigania shuleni.
Bibi aliapa kwamba babake, Bonifacy,
alikuwa mkuu wa stesheni, mwenye saa ya mnyororo
na filimbi, watu wakimvulia kofia.
Picha inasema koleo.
Inasema suruali iliyofungwa kwa kamba,
na vumbi la kokoto mpaka kwenye nyusi.

Bibi, uliubeba uongo huu miaka themanini
pasipo kuuangusha hata mara moja,
nami nimeuvunja kwa kidole, nikiwa na soksi.

Niliwaandikia. Akajibu Bi. Tindall, kwa adabu:
tunashukuru; je, unao ushahidi?
Nikasimama ubavu penye mwanga wa dirisha,
Rozalia akalipiga picha sikio la kushoto,
kisha, kwa kuwa alikwishaanza kucheka, la kulia.
Tukatuma.

Wiki tatu, kimya. Barafu ikaachia mifereji ya paa.
Jana nilifungua tena namba 0387.
Mbwa bado ana vichwa viwili.
Chini wameongeza mstari:
Wa pili kutoka kulia: huenda ni Bonifacy Dudek.

Huenda.
Wamemwekea shaka mbele ya jina, na ni haki yao;
masikio si cheti.
Lakini mimi, kwa haya haya masikio, nilisikia kitenzi.
Huenda: alfajiri, mabehewa matupu,
huenda, juu ya kokoto alizozishindilia yeye,
kati ya sinki na stoo,
na kijiko kikitetemeka ndani ya kikombe
cha mtu ambaye hajazaliwa.

Nimetoa yai kwenye bakuli.
Nimeliachia.